Kikohozi

Mnaoupenda wimbo huu, sogeeni niwaambie:
dakika ya pili, baada ya "hesabu visima",
pale gita linapovuta pumzi,
yule anayekohoa ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka wa njaa,
uwele ulikauka kabla haujafika magotini.
Kaka yangu Ndahani akaazima ghala la zabibu
kule Makutupora, kwa vile kuta zake nene
na mlinzi alikuwa shemeji.

Gita kavu, tumbo lina ufa ulioziba kwa ulimbo.
Uzi wa sita ulikatika Jumatatu;
wakafunga waya wa breki, wa baiskeli ya mwinjilisti.
Ndiyo ile besi inayokwaruza,
ambayo vijana wa chuo, kule kilimani,
wanaisaka kwa mitambo ya bei mbaya.
Mwinjilisti alitembea kwa miguu mpaka Pasaka.

Chilewa alikuja na ilimba kwenye gunia la chumvi.
Hawakupatana. Gita liko juu, ilimba iko chini,
asubuhi nzima wanavutana kama ng'ombe wawili wa nira mbovu.
"Chuma hakibembelezwi," Chilewa akasema.
"Legeza wewe, nyuzi ndizo zenye masikio."
Ndahani akalegeza, akalegeza,
mpaka gita likaanza kusema Kigogo.

Maneno si yake. Msimwambie mtu, au mwambieni, amekwishakufa.
Ni ya mama, usiku ule Ndahani akienda kukata mkonge Kilosa,
anamfungia ugali wa baridi kwenye kanga:
"Usihesabu stesheni, mwanangu. Hesabu visima."
Hakuwa anatunga.
Aliogopa atashikwa na kiu.

Fundi Kasiani alikuwa na kanda moja tu,
nusu yake hotuba ya kuogesha mifugo.
Kazi yangu: kushikilia blanketi dirishani,
maana upepo wa Dodoma hauna adabu,
huingia bila hodi na vumbi lake begani.

Mara ya kwanza, mbuzi.
Mara ya pili, treni ya mizigo, mabehewa thelathini na moja,
tulisimama tukiyahesabu kwa hasira.
Mara ya tatu wimbo ukakubali. Ulikuwa unakwenda wenyewe
kama maji yaliyoona mteremko,
na vumbi likapenya kwenye tundu la blanketi
likaniingia.
Nililing'ata lile blanketi. Nilimwomba Mungu.
Kikatoka.

Kasiani akazima mashine, akanitazama
kama mtu anayetazama sufuria iliyomwagika.
Kanda imekwisha.
Ndahani alikuwa amefumba macho bado.
"Iache," akasema. "Mama naye hukohoa hivyo."

Tangu hapo nimekisikia Kibaigwa, kwa madereva wa malori ya mahindi;
nimekisikia harusini Kongwa, ukumbi mzima
unanyamaza, halafu watu mia mbili, koh!
na bibi harusi anacheka hadi shela inaanguka.
Mazishini pake, Mvumi, kwaya ilifika pale ikasimama,
ikageuka kuniangalia.
Sikuweza. Koo lilikuwa na kazi nyingine.
Mwanamume mmoja nyuma, simjui hadi leo,
akanikoholea.

Juzi kaja kijana na simu yake, mpole, ana heshima:
"Bibi, tumeusafisha."
Nikasikiliza. Waya haukwaruzi.
Upepo umetolewa nje kama mlevi.
Na baada ya "hesabu visima"
kimya, kimetandikwa vizuri, cheupe,
kama kitanda cha hospitali asubuhi
baada ya mgonjwa kuondolewa.

Nikamwambia, umefanya kazi, mwanangu.
Nikampa chai, nikamsindikiza hadi barabarani.
Kisha nikarudi ndani
nikafungua dirisha.